Mtoto "hahitaji" au hamna watu? Uhaba usiohesabiwa kwenye elimu maalumu ya kiangazi Marekani

Watu wakisikia uhaba wa walimu Marekani wanawaza darasa limejaa watoto na mbele hamna mtu, na kweli hiyo ipo, ila kwenye elimu maalumu wakati wa likizo ya kiangazi uhaba hauji na sura hiyo kabisa. Unakuja mwezi wa tatu au wa nne, kwenye kikao, mzazi kakaa upande mmoja wa meza na upande wa pili wamejipanga watu watano sita wa shule, wanamwambia kwa upole tu kwamba timu imeangalia rekodi za mtoto na mwaka huu hahitaji huduma za kiangazi. Mzazi anashukuru, anasaini, anaenda zake kazini. Kwenye makaratasi hapo hamna mwalimu aliyekosekana wala huduma iliyokatwa. Hoja yangu ni moja: uhaba wa wafanyakazi wa kiangazi unageuzwa kuwa uamuzi kuhusu mtoto, na ukishageuzwa hivo hakuna tena anayeweza kuuhesabu.

Sheria kwanza. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alisaini sheria ambayo leo inaitwa IDEA, kabla ya hapo shule nyingi tu zilikuwa zinawafungia mlango watoto wenye ulemavu na maisha yanaendelea. IDEA inasema kila mtoto mwenye ulemavu apate elimu ya bure inayomfaa yeye, na awe na mpango wake wa maandishi, ndo hiyo IEP ambayo wazazi wa diaspora wanaisikia kila siku. Sasa jimbo la Pennsylvania lilikuwa na msimamo kwamba siku 180 za mwaka wa shule zinatosha kwa kila mtu, zikiisha zimeisha. Wazazi wakaenda mahakamani. Kesi ya Armstrong v. Kline ikaamuliwa 1979, mwaka 1980 mahakama ya rufaa nayo ikakubali kwamba huwezi kumwekea kila mtoto mwenye ulemavu ukomo mmoja wa siku 180, kwa sababu wapo ambao ukiwaacha miezi miwili mitatu wanapoteza walichokijenga na kukirudisha inachukua muda mrefu kuliko likizo yenyewe.

Toka hapo zikazaliwa huduma zinazoitwa ESY (Extended School Year), yani elimu maalumu inayoendelea nje ya mwaka wa kawaida wa shule, na watu wengi wanachanganya. Hii sio tuisheni ya likizo, wala sio darasa la kufidia hesabu alizofeli. Ni mtoto mwenye usonji ambaye kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano amefundishwa kuomba maji kwa kugusa picha kwenye tableti badala ya kupiga kichwa ukutani, au binti ambaye ndo kwanza ameanza kwenda chooni mwenyewe, au kijana ambaye misuli yake isiponyooshwa na mtaalamu inakaza. Hao wakikaa bila huduma mpaka shule zifunguliwe, mwezi wa tisa wote na wa kumi mnarudia ya mwaka jana. Na kanuni ya serikali kuu iko wazi kuliko wengi wanavyojua: wilaya ya shule, yani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo, hairuhusiwi kuziweka huduma hizi kwa aina fulani tu za ulemavu, na hairuhusiwi kujiamulia peke yake aina, kiasi wala muda wa huduma. Timu ya IEP, mzazi akiwemo, ndo inaamua, na inaamua kwa kumwangalia mtoto huyo mmoja.

Sasa nenda kauangalie utekelezaji. Kwenye wilaya nyingi programu inajulikana kabla mtoto yeyote hajajadiliwa: wiki nne, Jumatatu mpaka Alhamisi, masaa matatu au manne asubuhi, jengo moja kwa wilaya nzima. Aliyehitaji nusu saa ya tiba ya usemi mara mbili kwa wiki anapewa hiyo, aliyehitaji siku nzima na msaidizi wake peke yake naye anapewa hiyohiyo. Mkurugenzi hakukaa akawaza namna ya kuvunja kanuni, alichofanya ni kuhesabu waliojitokeza kufanya kazi, akapata idadi ya madarasa, kutoka kwenye madarasa akapata masaa, na kutoka kwenye masaa ikajulikana watoto wangapi wataingia. Kanuni inataka uanze na mtoto umalizie na watu. Hapa wameanza na watu na mtoto kabaki mkiani.

Kwa nini watu hawajitokezi? Hapa lazima nikae kidogo maana jibu la haraka, kwamba walimu hawataki kazi siku hizi, ni uvivu wa kufikiri. Kontrakti ya kawaida ya mwalimu wa shule ya umma Marekani ni ya miezi kama kumi hivi. Kiangazi kiko nje ya kontrakti, kwa hiyo huduma ambayo kwa mtoto ni haki ya kisheria, kwa mwalimu ni kibarua cha hiari kinacholipwa kwa saa, na kwenye sehemu nyingi hiyo rate ya saa ni moja kwa wote na iko chini ya anachopata mwaka mzima. Mwalimu wa elimu maalumu katoka kwenye mwaka wa vikao, ripoti, kung'atwa na kupigwa mateke, alafu unamuuliza kama angependa kuendelea mwezi wa saba kwa hela pungufu, na watoto asiowajua, kwenye jengo sio lake, vifaa vyake vimefungiwa kwenye shule nyingine. Mimi nashangaa kwamba wapo wanaokubali.

Wasaidizi wa darasa, wale wanaoitwa para, ndo mgongo wa hii kazi na ndo wanaolipwa vibaya kuliko wote. Takwimu za serikali za 2023 ziliweka mshahara wa kati wa msaidizi wa mwalimu kwenye kama dola 35,000 kwa mwaka. Wengi wetu tunawajua kwa majina hawa watu, wamejaa wahamiaji humo, mama wa Kikongo, dada wa Kikenya, kaka wa Kitanzania anayesoma jioni. Shule ikifungwa mwezi wa sita hela inakata, kwa hiyo huyo para hasubiri programu ya wiki nne ya masaa manne, keshahamia kwenye ghala la mizigo au kulea wazee zamu ya usiku, huko anapata masaa arobaini ya uhakika kwa wiki mpaka mwezi wa nane. Ukichanganya na kanuni ya bima ya ukosefu wa kazi, ambayo kwa miaka mingi imewanyima wafanyakazi wa shule malipo ya kiangazi kwa sababu eti wana uhakika wa kurudi kazini mwezi wa tisa, unaona kabisa mfumo wenyewe unawafukuza. Minnesota mwaka 2023 walibadilisha sheria ili wafanyakazi wa shule wanaolipwa kwa saa waweze kuomba hayo malipo, na baadhi ya viongozi wa shule wakalalamikia gharama, ila angalau mtu kaliangalia tatizo usoni.

Wataalamu wa usemi na wa tiba kwa vitendo ni stori nyingine, ya haraka. Wa usemi anahitaji shahada ya uzamili na leseni, hospitali inamtaka, kliniki binafsi inamtaka, na kampuni za kukodisha wataalamu zinamtaka ili zimrudishe kwenye shule hiyohiyo kwa bei ya juu zaidi. Wilaya inalipa kampuni, kampuni inakata chake, na mtoto anaonana na sura mpya kila mwaka, wakati mwingine kupitia skrini. Tiba ya kwenye skrini kuna watoto inawasaidia, sikatai. Kwa mtoto wa miaka minne asiyeongea na asiyekaa kwenye kiti dakika mbili, mmh.

Alafu kuna basi, na watu wanalisahau. Kama IEP inasema mtoto asafirishwe, basi ni sehemu ya huduma, bila basi hamna ESY hata kama mwalimu kafika na kapanga darasa vizuri. Kwa wanaoishi Louisville, Kentucky sina haja ya kuelezea sana. Tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya shule, wilaya ya Jefferson County ilibadilisha ratiba za mabasi kwa sababu ya uhaba wa madereva, mtoto wa mwisho akafika nyumbani karibu saa nne usiku, shule zikafungwa zaidi ya wiki wakijipanga upya. Mwaka uliofuata wakakata usafiri kwa wanafunzi wengi wa shule za magnet, zile za umma ambazo mtoto anachagua kwenda hata kama ziko mbali na mtaa wake. Hiyo ni wilaya ambayo Kiswahili ni moja ya lugha kubwa nyumbani kwa wanafunzi wake, na hayo yalitokea mwaka wa shule, wakati madereva wote wapo kazini. Kiangazi ambapo dereva naye yuko nje ya mkataba unakaa kuwaza.

Pesa. Mwaka 1975 Kongresi ilisema serikali kuu itabeba mpaka asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi kwa ajili ya elimu maalumu. Haijawahi kufika hata mwaka mmoja, miaka ya karibuni iko chini ya asilimia 15, na wakati huohuo watoto wameongezeka mpaka kufika milioni 7.5 mwaka wa shule wa 2022-23, asilimia 15 ya wanafunzi wote wa shule za umma. Pengo linabebwa na jimbo na kodi za nyumba za mtaani, kwa hiyo mtaa maskini unalibeba kimaskini. Kipindi cha korona ilikuja hela nyingi ya dharura, ile ya Machi 2021 peke yake ilikuwa kama dola bilioni 122 kwa shule, na sehemu yake ililazimika kwenda kwenye kufidia masomo yaliyopotea pamoja na programu za kiangazi. Kwenye maeneo mengi walimu wakaongezewa rate. Ila hapo napo kulikuwa na kituko, maana programu za kiangazi za watoto wote zilifunguliwa kwa wingi na zikawa zinagombania walimu walewale na ESY, na mwalimu akipewa kuchagua kati ya darasa la sayansi na maroketi ya karatasi kwa rate nzuri au darasa la watoto nane wenye mahitaji mazito kwa rate ya kawaida, unajua atachagua wapi. Septemba 2024 dirisha la hela hiyo likafungwa, hela ikaondoka na uhaba ukabaki palepale. Kabla ya mwaka wa shule wa 2024-25 kuanza, asilimia 74 ya shule za umma zilisema zimepata shida kujaza nafasi moja au zaidi za ualimu, na elimu maalumu iko miongoni mwa zile ngumu zaidi kujazwa. Sasa kama mwezi wa tisa hali ndo hiyo, na mishahara kamili na bima ya afya juu, kwa kibarua cha wiki nne utampata nani?

Baadhi ya wilaya zilikuwa zinaziba pengo kwa kuleta walimu kutoka nje, Wafilipino wengi sana, na kwenye elimu maalumu ndo hasa. Septemba 2025 Rais Trump akatoa agizo la ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B, ile ya wafanyakazi wa kigeni wenye taaluma. Kampuni ya teknolojia labda itazitoa hizo. Wilaya ya shule kijijini haina hela hiyo hata kwa mwalimu mmoja.

Narudi kwenye lile neno, hahitaji, na najua kuna atakayeniambia nawasingizia walimu wa watu. Sisemi wanadanganya. Ninachosema ni kwamba kigezo chenyewe ni laini: timu inaulizwa mtoto atarudi nyuma kiasi gani na atachukua muda gani kurudisha, na kipimo hicho kinahitaji rekodi zilizochukuliwa kabla na baada ya likizo, kazi ya para yuleyule na mwalimu yuleyule ambao hawatoshi. Rekodi zisipokuwepo timu inasema hakuna ushahidi wa kurudi nyuma. Mahakama ya rufaa kwenye kesi ya Bixby, Oklahoma mwaka 1990 ilisema kurudi nyuma kusiwe kigezo pekee, uangalie pia aina ya ulemavu, uwezo wa wazazi kumsaidia nyumbani, hatua aliyofikia na mengine, lakini kwenye kikao cha dakika arobaini nani ana muda wa hayo yote. Mwalimu aliye mezani anajua darasa la kiangazi lina nafasi sita. Hakuna aliyemwambia akatae, hata haijaandikwa popote, ila anajua.

Na Marekani ishawahi kuonyesha namba inavyoweza kugeuka kuwa ukweli kuhusu watoto. Texas, kuanzia 2004, idara ya elimu ya jimbo iliweka kipimo kwamba wilaya zisiwe na zaidi ya asilimia 8.5 ya wanafunzi kwenye elimu maalumu, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama 13. Haikuitwa ukomo, iliitwa kiashiria tu. Wilaya zikaelewa, na ndani ya miaka kadhaa jimbo zima likashuka mpaka pale pale kwenye 8.5, yani karibu kama vile ulemavu wenyewe ulisoma waraka. Gazeti la Houston Chronicle likalianika 2016, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya serikali kuu ikasema jimbo limevunja sheria. Wale watoto miaka yote hiyo hawakuonekana kwenye orodha ya waliokosa huduma, kwa sababu walishaandikwa kuwa hawana tatizo.

Kwa kiangazi hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu hata hiyo asilimia ya kutiliwa shaka haipo. Kila jimbo linapeleka kwa serikali kuu ripoti ya viashiria vya elimu maalumu, vinagusa kuhitimu, kuacha shule, kufukuzwa, mazingira ya darasa, ushiriki wa wazazi, na hamna hata kimoja kinachouliza kuhusu ESY. Hamna anayelazimika kumwambia yeyote watoto wangapi walikubaliwa, masaa mangapi waliahidiwa, na mangapi walipata. Na ofisi ya serikali kuu ya kuyafuatilia majimbo yenyewe inayumba, Oktoba 2025 serikali ikiwa imefungwa kwa kukosa bajeti karibu wafanyakazi wote wa ofisi ya elimu maalumu walipewa barua za kuachishwa, jaji akazuia, na makubaliano ya Novemba ya kufungua serikali yakazifuta. Walirudi, ila mtu aliyetoka kupewa barua ya kufukuzwa sidhani ndo atakuwa wa kwanza kwenda kuisumbua wilaya fulani kuhusu wiki nne za mwezi wa saba.

Wale waliokubaliwa na bado wakakosa, sheria inawapa fidia ya masaa, na msimamo wa Wizara kwa miaka umekuwa kwamba uhaba wa wafanyakazi haumwondolei mtoto haki yake. Vizuri. Lakini fidia inalipwa na nani? Ni mtaalamu yuleyule mmoja mwenye watoto sitini kwenye orodha yake, masaa ya kiangazi anayalipa vuli kwa kuyaiba kwa mtoto mwingine, au wilaya inaandika kwamba inayadai na mwaka unaisha. Mzazi mwenye wakili anapata kliniki binafsi inayolipiwa na wilaya. Asiye na wakili anapata pole.

Na hapa ndo familia zetu zinaumia kimyakimya. Familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ikafika Texas au Ohio, mtoto wao ni mara ya kwanza kupata mtu wa kumfundisha kuongea kwa ishara, mama akiitwa kikaoni anaona ameshapewa kikubwa tayari, kuuliza swali la pili ni utovu wa shukrani, na mwalimu akishasema kasema. Wilaya inatakiwa kumletea mkalimani kwenye kikao cha IEP, na notisi ya maandishi ya kukataa huduma inatakiwa iandikwe kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana, nayo ieleze kwa nini wamekataa na wametumia rekodi gani. Nyie mnaosaidia wazee na mama zetu kwenye hivi vikao, ombeni hiyo notisi kila mara, hata wakisema haina haja, na ulizeni swali moja la ziada: rekodi za kabla na baada ya likizo ya Desemba ziko wapi? Hata likizo ya wiki mbili inaweza kusaidia kuonyesha mtoto anarudi nyuma au la. Kama hawakuzichukua, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba hawakuzichukua, na asiye tayari kukubali uamuzi anaweza kupeleka malalamiko idara ya elimu ya jimbo bila kulipa hata senti na bila wakili.

Kwa upande wa wilaya, kuongeza rate ya kiangazi ingesaidia, kontrakti za miezi kumi na mbili kwa walimu na para wanaotaka zingesaidia zaidi, na zote zinahitaji hela ambayo bodi nyingi zitasema hazina. Ila kuhesabu hakuhitaji hela ya namna hiyo. Idara ya elimu ya jimbo ina mamlaka ya usimamizi tayari, inaweza kuzitaka wilaya zitume namba tatu kila mwezi wa tisa: watoto waliojadiliwa kwa ESY, waliokubaliwa, na masaa yaliyotolewa kwa kulinganisha na yaliyoandikwa kwenye IEP. Wilaya ambayo kila mwaka inakubali watoto wanaolingana kabisa na idadi ya walimu waliojitokeza itajulikana ndani ya misimu miwili, na hapo wakurugenzi wake ndo waulizwe.